Megawati Nne za Senene

Wifi yangu Kokushubila alinidanganya Jumatano saa tatu asubuhi, na kwa uongo ule nusura nimpoteze mume wangu, ambaye ni kaka yake wa tumbo moja. Nimeshamsamehe, lakini kwa sharti: habari hii nitaisimulia kwa yeyote atakayekaa kunisikiliza, na yeye akiwepo anyamaze.

Mimi naitwa Mwamvita, nakaa Kashai hapa Bukoba, na kazi yangu ni kuagiza umeme. Watu nikiwaambia hivyo wanacheka. Wanafikiri ni kubonyeza swichi na mambo yamekwisha. Umeme unaagizwa siku moja kabla, kama keki ya harusi. Kila asubuhi kabla ya saa nne najaza jedwali la saa ishirini na nne za kesho: alfajiri Kagera itakula megawati kumi na mbili, mchana kumi na sita, na saa mbili usiku, watu wanapopika na kuwasha taa na televisheni zao, ishirini na nne. Jedwali linakwenda sokoni. Ni soko la nchi zilizounganishwa kwa nyaya; kila nchi inasema inataka kiasi gani na ina kiasi gani cha kuuza, bei inapatikana, na wenye mabwawa wanajua kesho wapitishe maji kiasi gani kwenye mitambo.

Maji yenyewe ukiyafuata utashangaa. Mto Kagera unaanzia Burundi, unashuka mpakani kwetu na Rwanda na kuzungusha mitambo pale kwenye maporomoko. Halafu unapinda na kuingia ziwani, ziwa nalo linatokea Jinja, na huko yale maji yanazungusha mitambo mingine. Mume wangu Twaibu alikuwa mwalimu wa jiografia, ndiye aliyenifundisha. "Mvua ya Burundi inaweza kukuchemshia chai mara mbili," alikuwa akiniambia.

Siku hizi Twaibu hafundishi. Mapafu yake yalichoka baada ya ugonjwa wa miaka mitatu iliyopita. Anaishi kwa mashine iliyo pembeni ya kitanda, inayovuta hewa ya chumbani na kumchujia oksijeni kwa mpira wa puani. Mashine inakula umeme wa ukutani, na betri yake ya ndani inashika dakika ishirini tu. Tuna mtungi wa akiba, ila wiki ile mtungi ulikuwa Mwanza kujazwa, tunautegemea Jumamosi. Mwezi wa tano umeme ulikatika saa nzima na mtungi ulikuwa mtupu. Tulimfikisha hospitali midomo imebadilika rangi, na daktari akanivuta pembeni akaniambia safari nyingine tukichelewa vile asije akalaumiwa yeye.

Sasa kuna kanuni moja lazima uielewe, bila hiyo hutanielewa. Ulichoagiza ndicho utakachokula. Ukizidisha megawati mbili juu ya hapo na ukaendelea robo saa nzima, unakula umeme wa mwenzako, na wanaoongoza gridi wanapiga simu: punguzeni. Usipopunguza, laini kubwa inajizima yenyewe, mkoa mzima giza. Kwa hiyo tuna orodha ya mitaa, nani anazimwa kwanza na nani anafuata. Orodha ile niliiandika mimi, miaka sita iliyopita, na mstari wa kwanza niliandika Kashai. Kilikuwa ni kiburi. Nilitaka mtu akija kunilalamikia nimwambie, ndugu yangu, hata mimi nakaa gizani. Wakati ule Twaibu alikuwa anapanda milima na baiskeli. Alipougua, kila nilipoifungua ile orodha niibadilishe nilisikia masikioni mwangu watu wakisema, si yule, kajipendelea. Nikaiacha.

Basi turudi kwa wifi. Kompyuta yetu inakisia Alhamisi ijayo kwa kutazama Alhamisi iliyopita. Ni kompyuta yenye akili, lakini haijawahi kula senene. Mwezi wa kumi na moja, mvua zikikolea na mwezi haupo angani, wale panzi wa kijani wanatua kwa makundi, na siku hizi hakuna anayewaokota nyasini alfajiri kama bibi zetu. Watu wanasimamisha mabati, chini wanaweka mapipa, na juu wanafunga taa kali za wati mia nne. Senene anafuata mwanga, anagonga bati, anateleza pipani. Taa moja si kitu. Taa elfu kumi ni megawati nne, na zinawashwa zote saa moja na nusu jioni, saa ileile watu wanayopikia.

Ndiyo maana kila msimu nampigia Kokushubila, yuko Buganguzi, Muleba, na pale senene wakitua hawakosei. Akiniambia wapo, naongeza nne. Akiniambia hawapo, naacha. Jumatano ile aliniambia, "Hakuna hata mmoja, wifi yangu. Mvua yenyewe inasuasua." Nikaandika kwa mkono wangu pembeni ya jedwali: senene, hakuna. Nikatuma ishirini na nne kwa ajili ya Alhamisi usiku.

Na mimi nilipaswa kujua. Senene hawatangazwi. Anayewaona wametua kwake ananyamaza mpaka ajaze magunia yake, kwa sababu akisema leo, kesho nusu ya Bukoba iko shambani kwake na ndoo. Kila Mhaya anajua hivyo. Lakini nilijidanganya kwamba wifi na wifi ni habari nyingine.

Alhamisi saa nane mchana nikaingia dukani kwa Mustapha, muuza vifaa vya umeme karibu na soko, kununua balbu ya chooni.

"Hizi ndogo zipo," Mustapha akasema. "Kama unataka zile kubwa umechelewa, zimekwisha tangu jana. Watu wa Muleba wamebeba zote, na nyaya wamebeba."

"Muleba ya wapi?"

"Buganguzi, Kamachumu, hukohuko." Akanitazama usoni. "Hukuambiwa? Basi na mimi sijasema kitu."

Balbu ya chooni niliiacha palepale. Nikapanda bodaboda kurudi ofisini, na njiani nikampigia Judica, jirani yetu, ambaye ni nesi, nikamuuliza kama hospitali inaweza kumpokea Twaibu usiku ule. Akaniambia vitanda vyenye oksijeni vimejaa, na watu wawili wako kwenye benchi wanasubiri. "Kwani kuna nini, Mama Yasmin?" akauliza, akiniita kwa jina la binti yangu. Nikamwambia hakuna kitu. Nilikuwa naogopa kulitamka.

Ofisini nikafunga mlango, nikafungua ile orodha. Kashai, mstari wa kwanza. Ilikuwa ni kazi ya vidole viwili tu, kuishusha Kashai na kuipandisha Hamugembe, mtaa unaofuata. Nani angejua? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Miaka sita nimewazima majirani zangu huku najisifu kwa haki, na siku uchungu umefika kwangu nataka kuuhamishia mtaa wa pili. Nikawaza Hamugembe kuna nani. Labda kuna mzee mwenye mashine kama ya Twaibu, ila mke wake anauza ndizi na hana ufunguo wa ofisi hii. Nikaifunga orodha. Nililia, sikufichi, nikajifuta kwa mtandio, nikaenda kumsubiri bosi.

Bosi wetu ni Rwegasira, mhandisi mwenye miaka thelathini na tano, mpole. Jina lake ni la hukuhuku, lakini amezaliwa na kukulia Dodoma, na senene anawajua wale wa kwenye pakiti. Alikuwa kikaoni. Alirudi saa kumi kasoro dakika tano, na mimi nikaanza kusema kabla hajakaa.

"Mama Yasmin," akasema, "jana umeandika mwenyewe hakuna senene. Leo unataka niongeze megawati nne za bei ya dakika za mwisho. Kilichobadilika ni nini?"

"Balbu zimekwisha kwa Mustapha."

"Makao makuu nitawaandikia hivyo? Balbu zimekwisha kwa Mustapha?"

Nilimwelewa. Hata mimi ningecheka. Nikatoa simu, nikaiweka mezani kwake, nikaweka sauti kubwa, nikampigia Kokushubila.

"Wifi, habari za huko? Sikiliza, kuna mtu wetu anakuja Muleba na gari. Nimepata taa nne zile kubwa, za bure. Nimpe akuletee?"

"Ee, Mungu akubariki," akasema Kokushubila. "Lakini nne hazinitoshi, wifi yangu. Nina mabati kumi na mawili yamesimama. Huwezi kutafuta nane?"

Rwegasira akavua miwani.

"Mabati kumi na mawili ya nini," nikauliza, "na senene hakuna?"

Akasema, "Wifi, kumtega mtu hivyo si vizuri."

"Na kunidanganya mimi ni vizuri?"

"Mwaka jana nilikuambia ukweli," akasema, na sasa sauti ilikuwa imepanda. "Jumamosi wakaja wafanyakazi wenzako wanne na ndoo. Wakalala sebuleni kwangu, wakala ndizi zangu, wakaondoka na magunia. Nilikulaumu? Sikukulaumu. Ila mwaka huu nikasema mdomo nitaufunga."

Hapo alinishika. Ni kweli, mimi ndiye niliyejisifu ofisini kwamba kwa wifi yangu senene wanamwagika. Mmoja wa wale wanne alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, ameinamia faili lake kwa bidii ambayo sijawahi kumwona nayo. Mwaka mzima wifi alikuwa na donge moyoni na mimi sikujua.

"Kokushubila," nikamwambia, "umeme ukizidi usiku huu, mtaa wa kwanza kuzimwa ni Kashai. Na mtungi wa kaka yako uko Mwanza."

Huko kwake nilisikia kitu cha bati kimeanguka.

"Twaibu?" akauliza, na sauti haikuwa ile tena.

Halafu akasema yote, nusu Kihaya nusu Kiswahili, maneno yanagongana. Senene walianza kutua Jumanne. Leo ndiyo kijiji kizima kimemaliza kufunga taa, kila nyumba tatu, nne, na vijiji vya jirani vivyo hivyo, hata kwenye uwanja wa kanisa kuna mabati. "Zangu nazizima," akasema. "Nazing'oa sasa hivi. Lakini wifi, za wenzangu nitazizimaje? Nikiwaambia wazime kwa ajili ya mgonjwa wa Bukoba, watasema nataka senene wote waje kwangu." Akaanza kulia. Nikamwambia asing'oe taa, taa za nyumba moja haziwezi kumwokoa mtu, anayeweza kumwokoa yuko hapa mbele yangu.

Rwegasira alikuwa ananitazama. "Mbona hukuniambia habari za mzee?"

"Nilitaka uamue kwa hesabu, usiamue kwa huruma."

"Mficha uchi hazai, mama yangu," akasema. Halafu akatazama saa ya ukutani, na uso ukamshuka. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi. "Mabadiliko ya leo yamefungwa saa kumi. Tumechelewa."

"Tumechelewa sisi," nikasema. "Kigali saa hizi ni saa tisa na dakika kumi."

Hakunielewa mara moja, na simlaumu, alikuwa hata mwaka hajamaliza kwenye kazi hii. Saa za Rwanda ziko nyuma yetu kwa saa moja. Soko kubwa likishafungwa, jirani bado anaweza kumuuzia jirani moja kwa moja, na meza ya mauzo ya Kigali inafunga saa kumi kwa saa ya kwao. Tulikuwa na dakika hamsini ambazo kwenye ukuta wetu hazikuonekana.

"Na senene wasipokuja?" akauliza.

"Tutalipia umeme ambao hatukuula, na barua ya kujieleza nitaiandika mimi."

"Tutaiandika wawili," akasema Rwegasira, akavuta kibodi na kuandika idhini. Kuanzia siku ile simruhusu mtu amseme vibaya mbele yangu.

Kigali kwenye ile meza yuko Kamala, mtu wa Muleba aliyekwenda kufanya kazi huko. Tumeongea kwa simu miaka minne na sijawahi kuonana naye. Nikamwomba megawati nne za usiku ule.

"Saa mbili hadi saa nne usiku za kwenu?" akasema. "Dada Mwamvita, saa hizo ndizo kila mtu anazitaka. Mto umejaa, maji mengine yanapita juu ya bwawa bila kazi, lakini mitambo yote tayari ina wenyewe."

"Kamala, senene wametua Buganguzi."

"Wametua?" akasema, na nikasikia anasogeza kiti. "Kwetu hawajaniambia." Haya, na yeye kafichwa. Akaniambia nisikate simu. Nilisikia anabonyezabonyeza, anamuuliza mtu kitu kwa Kinyarwanda, anajibiwa, anauliza tena. Nilikuwa nimeishika ile simu kwa mikono miwili. Rwegasira alikuwa amesimama, hana la kufanya, anapanga kalamu zilizokwisha pangwa.

"Kuna kiwanda huku kimesimamisha mashine mchana huu, kifaa kimevunjika," Kamala akasema. "Kilikuwa kimechukua megawati tano mpaka usiku wa manane. Wamekubali kuziachia. Nne ni zako. Andika saa za kwenu na saa za kwetu, zote mbili, tusije tukakosana."

Nikaandika. Hati ya uthibitisho ikaingia saa kumi na dakika arobaini na saba. Nikaisoma mara tatu, kila namba, kila saa, kisha nikakaa chini.

Usidhani hapo yalikwisha. Nne zilikuwa makisio yangu, na makisio yangu siku ile yalikuwa yameshanitia aibu mara moja. Saa moja na nusu tulikuwa wawili mbele ya kioo cha kompyuta, mimi na Rwegasira. Mkoa ulikuwa unakula ishirini na tatu. Saa mbili, ishirini na sita na nusu. Bila zile nne tungekuwa tumeshapita mpaka. Saa mbili na robo, ishirini na nane. Namba ikapanda tena, ishirini na tisa, ishirini na tisa nukta nne. Ikifika thelathini, mbili juu ya ishirini na nane zetu, na kukaa robo saa, simu ingelia na mimi ndiye ningeamuru Kashai izimwe.

Simu ilikuwa nyeusi, ya mezani, na niliichukia. Nilikuwa nasoma dua kimoyomoyo na nadhani Rwegasira naye alikuwa anasali ya kwake, midomo ilikuwa inacheza. Ishirini na tisa nukta sita. Ikakaa. Ikakaa tena. Huko majumbani watu walikuwa wanaepua ugali na ndizi, wanazima majiko, mmoja mmoja, bila kujua kwamba kuna mama mahali anawahesabu. Ishirini na tisa nukta mbili. Saa tatu kasoro robo, ishirini na nane na nusu. Saa tatu na robo ilikuwa ishirini na saba, inashuka.

Rwegasira akaegemea kiti akafunga macho. "Alhamdulillahi," nikasema kwa sauti. "Amina," akajibu, Mlutheri wa watu. Nikasubiri mpaka ikashuka ishirini na tano, nikampigia Kokushubila nikamwambia kaka yake mzima. Alikuwa hajagusa pipa hata moja jioni nzima, amekaa jikoni na simu mapajani.

Nikafika nyumbani saa nne kasoro. Nilisimama mlangoni kwanza. Ile mashine ina mlio fulani wa kuvuta na kuachia, miaka mitatu umeninyima usingizi, na usiku ule nilisimama koridoni nausikiliza viatu vikiwa mkononi. Twaibu alikuwa macho, ameegemea mito, redio iko chini chini, mpira uko puani, midomo ina rangi yake.

"Unarudi saa hizi?" akasema, kwa hasira ya mtu aliyekula peke yake. "Siku ambazo umeme unakatika nakuelewa, mna kazi. Leo haujakatika hata sekunde moja. Sasa huko ofisini mlikuwa mnafanya nini mpaka saa nne usiku?"

Nikakaa kitandani nikaanza kucheka. Nilitaka kumjibu nikashindwa, kicheko kikageuka kilio na kilio kikarudi kuwa kicheko, na yeye akazima redio akanishika mkono akiuliza kuna nini, nani amekufa.

"Hakuna," nikamwambia. "Twaibu, hakuna aliyekufa."